Sanduku Lenye Tundu



Tangu Jumapili iliyopita simu yangu haijanyamaza. Wengine mmeniuliza kama ni kweli ninaacha uchungaji. Wengine mmesema nimeaibisha madhabahu. Mtumishi mwenzangu mmoja, ndugu ninayemheshimu sana, alinipigia saa tano usiku akaniambia, "Pasta, si ungefunika tu kombe mwanaharamu apite?" Nikamjibu kwamba hilo kombe nimelifunika miaka mitano, na aliyepita akaenda zake si mwanaharamu, ni mshirika wangu.

Kwa hiyo naandika. Naandika hasa kwa ajili yako ambaye hukuwepo. Wewe uliye Nairobi kikazi, wewe uliye Mombasa, na ninyi dada zetu mlioko Doha na Riyadh ambao hata mwezi ukiwa mgumu mnatuma fungu la kumi kwa simu kabla hamjatuma nyumbani. Mmesikia habari hii ikiwa vipande vipande kwenye vikundi vya WhatsApp. Ni haki yenu muisikie kwangu.

Somo letu ni 2 Wafalme sura ya 12, mstari wa 4 hadi wa 16. Tafadhali fungua usome mwenyewe kabla ya kuendelea, usinitegemee mimi.

Umesoma? Haya.

Yoashi (katika sura hiyo Biblia yako huenda imemwandika Yehoashi) alitawazwa akiwa mtoto wa miaka 7. Kabla ya hapo alikuwa amefichwa miaka 6 ndani ya nyumba ya Bwana, asiuawe na Athalia. Kwa hiyo nyumba aliyotaka kuitengeneza ndiyo iliyomlea. Alijua kuta zake. Alijua mvua ikinyesha maji yanaingilia wapi. Alipokuwa mtu mzima akawaambia makuhani: pesa zote takatifu zinazoletwa, chukueni, mtengeneze mahali palipobomoka. Agizo zuri, halina shida. Kisha Biblia inatupeleka mpaka mwaka wa 23 wa utawala wake, na mahali palipobomoka bado pamebomoka.

Nataka uone jambo hapa. Maandiko hayasemi makuhani waliiba. Tafuta, hutaona. Inawezekana walikula, inawezekana walinunua mafuta ya taa, inawezekana kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anamlipa fundi. Pesa ziliingia, ibada iliendelea, dhabihu zilitolewa, na nyufa zilibaki pale pale. Hakuna aliyeweza kusema zilienda wapi kwa sababu waliopokea ndio waliotunza na ndio waliotumia.

Mfalme hakuwafunga. Alifanya jambo dogo ambalo mimi naliona kubwa kuliko kifungo: aliwaambia wasipokee tena. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akalitoboa tundu juu, akaliweka karibu na madhabahu, upande wa kuume mtu akiingia. Pesa zikawa zinaingia mle mbele ya macho ya watu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanakuja wote wawili, wanafunga kwenye mifuko, wanahesabu. Wawili, wa ofisi mbili tofauti. Kisha pesa zinaenda moja kwa moja kwa maseremala, waashi na wachonga mawe. Nyumba ikatengenezwa.

Nilisoma chuo cha Biblia miaka mitatu, na sura hii tuliipita kwa dakika kumi, chini ya kichwa cha uwakili. Baadaye mimi mwenyewe nimeihubiri mara mbili hapa kanisani. Mara zote mbili nilikuwa natafuta pesa za kujenga! Mzee wangu mmoja alinikumbusha juzi. Nilihubiri sanduku kwa nguvu, watu wakalia, wakaja mbele na bahasha. Habari ya wale wawili waliohesabu niliiruka.

Sasa acha nikuambie nilichosema Jumapili.

Mwaka wa 2018 tulianza mfuko wa mabati. Mnakumbuka lile paa la zamani. Mvua ikipiga, mahubiri yanaisha hata kama Roho bado anasema. Mlichanga. Mama mboga walichanga, vijana wa boda boda walichanga, kuna mzee aliuza kondoo. Pesa ziliwekwa benki, na sahihi zilikuwa mbili: yangu na ya mweka hazina wetu wa wakati huo, mama ambaye wengi wenu aliwafundisha Sunday School.

Januari 2020 kifungua mimba wangu aliitwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Nilikuwa na barua ya shule mkononi, orodha ndefu kama Mambo ya Walawi: karo, godoro, sare, sanduku la bati. Sikuwa na pesa. Mshahara wangu ulikuwa umechelewa miezi miwili na nilikuwa naona aibu kuuliza, maana nimewafundisha kwamba mtumishi anaishi kwa imani. Nilienda kwa mama yule jioni, giza limeingia. Nikamwambia tutoe 42,000 kwenye mfuko wa mabati, nitarudisha kabla ya Pasaka. Aliniuliza swali moja tu: "Wazee wanajua, Pasta?" Nikamwambia nitawaeleza. Akatia sahihi, kwa sababu mimi ni mchungaji wake.

Sikuwaeleza. Kisha Machi corona ikaingia, makanisa yakafungwa, sadaka zikakauka. Pasaka ikapita tukiwa majumbani. Julai tuliporuhusiwa kufungua, watu wasiozidi 100 na ibada ya saa moja, wazee wakauliza hali ya mfuko. Pengo likaonekana.

Tulikuwa watu saba mle ofisini. Mama akanitazama. Nakumbuka alinitazama kwa muda, kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango ili apite kwanza. Nami nikainamisha kichwa kwenye Biblia. Basi akasema, "Kuna pesa zilitumika. Zitarudi." Hakusema zaidi.

Mnajua kilichofuata, maana wengine wenu mlikuwa katika hayo maneno. Ikasemwa amejengea nyumba ya kupangisha. Ikasemwa ndiyo sababu binti yake aliingia chuo. Alijiuzulu, tukatangaza ni kwa ajili ya afya. Mwaka wa 2021 akaacha kuja. Na mimi, Mungu anisamehe, Jumapili moja nilisimama na kipaza sauti nikasema tumwombee mama yetu, adui anamshambulia. Kanisa zima likanyoosha mikono kuelekea upande wa nyumba yake.

Adui ni nani hapo, mpendwa?

Pesa nilirudisha. Kidogo kidogo, 3,000, 5,000, mpaka mwisho wa 2021 zikatimia. Sikumwambia mtu. Mwaka wa 2022 paa likapanda, ambalo ndilo unalokaa chini yake. Tukafanya sherehe, tukamwalika mheshimiwa mmoja awe mgeni rasmi, akapewa kipaza sauti dakika arobaini, akaacha bahasha ya 100,000. Mwaka wa uchaguzi, mnakumbuka. Mimi nikajiambia yameisha. Paa lipo, pesa zimerudi, hakuna aliyeumia.

Unaweza kuishi muda mrefu sana na hesabu ya namna hiyo.

Aliyeanza kuivuruga ni kijana mmoja wetu, Juni 2024, wakati vijana wa nchi hii walipoingia barabarani na wakaanza pia kuyauliza makanisa maswali kuhusu wanasiasa na pesa zao. Aliniandikia ujumbe. Nikamjibu kwa Warumi 13, jibu refu, nikaridhika nalo. Akaandika mstari mmoja: "Asante Pasta. Ile bahasha ya 2022 iliandikwa kwenye daftari gani?" Sikuwa na la kujibu. Haikuandikwa popote. Najua 60,000 zilinunua spika. Zilizobaki ziliitwa mapokezi, na kwa kweli nyingine zilikuwa mafuta ya gari langu. Nilimkasirikia yule kijana wiki mbili. Nilisema ana roho ya uasi. Leo ni mmoja wa watakaohesabu pesa.

Kisha mama mmoja wa soko, akicheka tu wala hana nia mbaya, aliniambia tukiwa tunatoka ibada: "Pasta, chama chetu tukichanga mia mbili mbili, kila Alhamisi tunasomeana daftari mpaka senti. Hapa nimetoa miaka tisa, sijawahi kusomewa." Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Na Januari mwaka huu tukaingia mfungo wa siku 21 kuombea uamsho. Ninyi mlikesha. Mlilia. Ee Bwana fufua kanisa lako, ee Bwana tuma moto. Siku ya kumi na mbili niliamua kuwafundisha vijana habari za uamsho uliowahi kutokea hapa hapa kwetu, maana wengi wanadhani uamsho ni kitu cha Marekani. Nikawaeleza jinsi Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe pale Kampala, daktari mmisionari Mwingereza aliyeitwa Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, alivyokutana na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Jinsi moto ule ulivyowaka Gahini, ukaenea Uganda, na mwaka wa 1937 kikosi cha ndugu kikafika Kabete. Hawakuwa Wapentekoste kama sisi. Wengi walikuwa Waanglikana, baadaye Wapresbiteri na Wamethodisti, na walibaki ndani ya makanisa yao. Hawakuanzisha dhehebu.

Nikawaambia walichokiita kutembea nuruni. Mtu aliyeokoka alisimama mbele ya wenzake akataja dhambi yake kwa jina. Kisha akaenda kurudisha. Aliyeiba alibeba kile kitu mpaka kwa mwenyewe. Karani aliyechukua mali ya serikali aliipeleka ofisini na kusema mimi ndiye. Wamisionari weupe waliwaomba radhi Waafrika kwa dharau yao, jambo ambalo enzi za ukoloni halikuwa dogo. Na ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka wa 1952, wengi wa ndugu hao katika nchi ya Gikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia kubeba bunduki ya serikali, na baadhi waliuawa. Nikawaambia vijana: watu wa namna hiyo hawakutengenezwa na kinanda. Walikuwa wamekwisha kuaibika mbele ya ndugu zao, kwa hiyo hakukuwa na kitu tena cha kuwatishia nacho.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. "Pasta, na sisi hapa tukirudisha, tutaanza na nini?"

Nikasema swali zuri, tufunge kwa maombi.

Usiku huo sikulala. Mke wangu aliniuliza saa nane kama ninaumwa. Nikamweleza yote, kwa sababu hata yeye hakujua. Alidhani karo ya mwaka ule ilitoka kwa ndugu yangu. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa kati ya walionyoosha mikono kuelekea nyumba yake."

Nilienda kwa yule mama siku ya tatu yake, saa nane mchana. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje anapukuchua mahindi. Alinikaribisha kama zamani, akaita mjukuu alete kiti, akaita chai. Nikakataa kiti nikakaa mkekani. Nikaanza kupukuchua nami, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Nikaomba msamaha. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakaisha upesi. Mwishoni nikasema, "Lakini zile pesa nilirudisha zote, mama."

Akasema, "Pesa ulizirudisha, Pasta. Mimi ndiye hukunirudisha."

Aliendelea na mahindi. Kisha akauliza kwa nini nimekuja peke yangu. Nikasema nilitaka tumalize kwa amani, mimi na yeye na Mungu. Akanijibu, "Mimi sikuaibishiwa mkekani."

Ungetarajia nitoke pale nikiwa na nguvu mpya. La. Nilichelewa Jumapili tatu. Ya kwanza nilisema kuna wageni. Ya pili ilikuwa Meza ya Bwana, nami niliishika ile sahani, nikagawa, na hata leo sijui nilithubutu vipi. Ya tatu nilisema nitaongea na wazee kwanza. Wazee niliongea nao kweli, siku ya Jumatano, na wawili walinisihi niache. Walisema kanisa litatawanyika. Mmoja hakusema kitu, alitoka nje akarudi macho yamekuwa mekundu, maana yeye ndiye aliyeeneza ile habari ya nyumba ya kupangisha.

Jumapili iliyopita nikasema. Nilisema kama nilivyokuandikia hapa, na kiasi nikakitaja. Kijana wetu wa kinanda alipoona nalia akaanza kupiga taratibu kama tulivyozoea, ikabidi nimwambie aache. Tumezoea kuzipamba hizi nyakati kwa muziki mpaka hatujui tena lini mtu anatubu na lini anaimba. Kukawa kimya. Familia tatu walisimama wakatoka. Siwalaumu, na milango yangu iko wazi kwao. Kisha yule mzee akasimama akasema la kwake. Kisha mama mmoja wa kwaya. Ibada ilikwisha saa nane na hakuna aliyehubiri.

Baadhi yenu mmeniandikia kwamba watu wasimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Nashukuru kwa upendo, lakini tusome vizuri. Zaburi ya 105 inazungumzia Mungu alivyowalinda Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache kati ya mataifa, wasidhuriwe na wafalme. Daudi alipokataa kumgusa Sauli, alikataa kumuua. Hakukataa kumwambia ukweli, alisimama ng'ambo akamwambia mbele ya jeshi zima. Na ukitaka kumwona mpakwa mafuta anavyokabili habari ya mali, soma 1 Samweli 12. Samweli mzee, mvi zimejaa, anasimama mbele ya Israeli yote na kuwauliza ni ng'ombe wa nani amechukua, ni punda wa nani, ni nani amemdhulumu, ili arudishe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitisha ukaguzi. Paulo naye, akibeba mchango wa watakatifu, hakukubali kuubeba peke yake; soma 2 Wakorintho 8 kuanzia mstari wa 16, uone Tito alivyotumwa pamoja na ndugu wengine ili mtu asipate la kulaumu.

Ndugu mwingine, msomaji mzuri wa Biblia, ameninukuu sura yetu hii hii. Anasema mstari wa 15 unasema watu wale hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ni kweli upo. Lakini ni akina nani hawakudaiwa? Wanaosimamia mafundi. Wale wa kofia na vumbi. Pesa zilipokuwa bado mikononi mwa watu wa madhabahu zilihesabiwa na wawili. Zilipofika kwa watu wa nyundo, ziliaminiwa. Sisi tumegeuza. Fundi wa mabati tulimdai risiti ya kila msumari. Mimi hakuna aliyenidai chochote.

Na kuhusu serikali. Tangu Shakahola, Aprili 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi, kumekuwa na mazungumzo ya kudhibiti makanisa kwa sheria mpya, nasi wachungaji tumepiga kelele kwamba tunaonewa. Nilikuwa kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo, nikapiga kelele kama wengine. Bado sipendi karani wa serikali anipangie mahubiri. Lakini Sheria ya Vyama tuliyosajiliwa chini yake, Sura ya 108, tayari inatudai mkutano mkuu wa kila mwaka na ripoti kwa Msajili wa Vyama, na kanisa letu halijawahi kuwasomea hesabu katika mkutano huo. Tumekuwa tukifanya maombi, tunachagua viongozi, tunakula chapati, tunaenda nyumbani. Mtu asiyetii sheria ndogo iliyopo hana mdomo wa kukataa kubwa inayokuja.

Kwa hiyo haya ndiyo tuliyokubaliana na wazee Jumatatu, na wewe ukiwa mbali una haki ya kuyapinga kabla hayajapitishwa. Sanduku limeshatengenezwa, fundi wetu amekataa malipo. Lina tundu juu na kufuli mbili. Ufunguo mmoja uko kwa mama wa soko, wa pili kwa yule kijana wa ujumbe, na mimi sina. Linakaa mbele upande wa kulia ukiingia, mtaliona. Pesa za simu, maana wengi siku hizi mnatoa kwa simu, taarifa yake itachapishwa kila mwisho wa mwezi na kubandikwa ukutani karibu na mlango, majina yakiwa yamefichwa lakini viasi vyote vipo. Mlio nje mtatumiwa picha. Sahihi yangu imeondolewa benki.

Mshahara wangu ni 35,000, pale unapopatikana. Mlikuwa hamjui, sasa mnajua, na mkutano ndio utaamua kama ni mwingi au ni mchache. Kama unapatikana mwezi mmoja na haupatikani mwingine, afadhali nije mbele niseme watoto wangu hawana karo kuliko kwenda kwa mtu gizani. Hilo nalo ni kosa langu: niliwafundisha imani kwa namna iliyonifanya nishindwe kuwaambia nina shida.

Wanasiasa wanakaribishwa kuabudu. Watakaa viti vya plastiki kama sisi, watatajwa katika salamu za wageni, hawatapewa kipaza sauti. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alitangaza hivyo Septemba 2021, na wakati ule mimi nilimcheka nikasema Waanglikana wana ardhi ya wamisionari, wanaweza kuringa. Ninalifuta neno hilo. Na hakuna tena bahasha ya mbegu wakati wa maombi ya wagonjwa. Ukiumwa, njoo tukuombee. Mikono mitupu inatosha.

Je, haya ndiyo uamsho? Sijui, na sitaki kuyaita hivyo. Ukisoma 2 Nyakati 24 utaona Yoashi huyu huyu mwenye sanduku, baada ya Yehoyada kufa, aligeuka, akamuua Zekaria mwana wa Yehoyada katika ua wa nyumba ile ile aliyoitengeneza. Kuta zilikuwa nzima kabisa siku hiyo. Mstari huo unaniogopesha, na nimewaomba wazee watatu wanikutane kila mwezi waniulize maswali, yakiwemo ya nyumbani kwangu. Kama nikianza kukwepa vikao hivyo, wana ruhusa ya kuwaambia ninyi.

Kuhusu mama. Nilimpelekea maneno haya jana nikamsomea kabla ya kuyaweka hapa. Aliniambia nitoe sentensi moja, nimeitoa. Jina lake hakutaka liandikwe. Ninyi mnaomjua, mkienda kumwona msiende kwa kundi na keki na kamera. Nenda mmoja mmoja, na kama ulisema neno, nenda na neno lako. Nilimuuliza kama atarudi. Hakunijibu hilo. Aliuliza kama daftari la mwaka wa 2020 bado lipo. Nikasema lipo, lina vumbi. Akasema basi Jumamosi atakuja kulisoma, kuanzia ukurasa wa kwanza, na habari ya Jumapili tutaiongea baadaye.

Mkutano ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Saa nne ya saa, si saa nne ya kanisa. Njoo na kalamu.

Mchungaji wenu.